Matangazo ya Google: Faida Halisi Ipimwe Vipi?

Matangazo ya utafutaji ni yale yanayojitokeza juu ya majibu ya Google, Bing au injini nyingine ya utafutaji pindi mtu anapoandika anachokitaka, na mwenye tangazo hulipia kila linapobofywa. Biashara hii ndiyo iliyoijenga Google. Mwaka 2024 kampuni mama yake, Alphabet, iliingiza takriban dola bilioni 350, na kati ya hizo zipatazo bilioni 198 zilitokana na huduma ya utafutaji na huduma zinazoandamana nayo.

Pamoja na ukubwa huo, wanaotoa fedha hizo hawajakubaliana wanapata nini. Wapo wanaoshikilia kwamba kila shilingi inayoingia kwenye matangazo inarudi na wenzake wanne au watano, na ushahidi wao ni ripoti ya mtandao wenyewe. Wapo wanaoyafananisha matangazo hayo na mpiga debe wa stendi anayedai ujira kwa abiria ambaye tayari alikuwa na tiketi mkononi akilifuata basi lilelile. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba maswali mawili tofauti yanachukuliwa kuwa moja. Ripoti huhesabu wanunuzi waliopitia kwenye tangazo. Mfanyabiashara anahitaji kujua ni wangapi kati yao wasingenunua kama tangazo lisingekuwapo. Uchambuzi huu unapitia namna mnada wa matangazo unavyoendeshwa, misimamo mitatu kuhusu kupima faida yake, na mahali ambapo kila msimamo una nguvu.

Mnada unavyoendeshwa

Mwaka 1998 mjasiriamali wa California, Bill Gross, alizindua GoTo.com, injini ya utafutaji iliyouza nafasi zake kwa mnada. Aliyeweka dau kubwa alitangulia, na alilipa kwa kila aliyebofya. Kampuni hiyo iliitwa Overture kuanzia 2001, na Yahoo ikainunua mwaka 2003. Google ilianzisha AdWords Oktoba 2000, mwanzoni ikitoza kwa idadi ya mara tangazo lilivyoonyeshwa. Mwaka 2002 nayo ikaingia kwenye mnada wa mibofyo, ila kwa masharti mawili mapya: nafasi iliamuliwa na dau pamoja na uwezekano wa tangazo kubofywa, na mshindi alilipa kiasi cha kumpita tu aliye chini yake badala ya dau lake lote. Jina lilibadilika kuwa Google Ads mwaka 2018, lakini mantiki ya msingi imebaki.

Mfano uliorahisishwa unaonyesha athari ya masharti hayo. Kampuni mbili za utalii za Arusha zinawagombea watu wanaotafuta safari ya Serengeti. Ya kwanza imeweka dau la shilingi 3,000 na tangazo lake lina ubora wa 8. Ya pili imeweka 4,000 lakini ubora wake ni 5. Ya kwanza inapata alama 24,000, ya pili 20,000. Ya kwanza inatangulia ingawa dau lake ni dogo, na kila mbofyo unaigharimu shilingi 2,500, kwa kuwa 2,500 mara 8 ndiyo 20,000 ya mpinzani wake.

Mambo mawili yanafuata. Ukurasa mzuri na tangazo linalolingana na swali la mtafutaji hupunguza bei, hivyo fedha iliyotumika kuboresha tovuti ni sehemu ya hesabu ya matangazo. Pia, bei anayolipa mmoja huamuliwa na madau ya wengine. Neno likijulikana kuwa na faida, wapinzani huongeza madau hadi sehemu kubwa ya faida ile iishie kwa mwenye mnada. Nguvu ya mwenye mnada nayo ina uzito wake: Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho ya Marekani alitamka kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji na la matangazo ya maandishi ya utafutaji kinyume cha sheria, na kwamba iliweza kupandisha bei bila kuhofia ushindani wa maana.

Hesabu tatu za fedha ileile

Kipimo kinachotumika zaidi ni mauzo yaliyotokana na matangazo kugawanywa kwa gharama ya matangazo. Tuseme kampuni ile ya Arusha inatumia shilingi 5,000,000 kwa mwezi. Kwa 2,500 kila mbofyo, inapata mibofyo 2,000. Asilimia 2 ya waliobofya, yaani watu 40, wanaulizia bei, na watano wanalipia safari ya shilingi 5,000,000 kila mmoja. Mauzo ni 25,000,000, na ripoti inaonyesha kwamba kila shilingi imerudisha tano.

Hesabu ya pili inaondoa gharama za safari yenyewe: viingilio vya hifadhi, gari, mafuta, dereva, malazi. Ikiwa faida ghafi ni asilimia 25, wateja watano wameacha 6,250,000. Ukitoa matangazo, inabaki 1,250,000. Marejesho ya mara tano yamekuwa faida ya asilimia 25 tu, na kwa kampuni hii marejesho yakishuka chini ya mara nne ni hasara.

Hesabu ya tatu inauliza nani alikuja kwa sababu ya tangazo. Ikiwa wawili kati ya wale watano walikuwa wamekwisha elekezwa na rafiki na wangeifikia kampuni kwa njia nyingine, walioletwa na tangazo ni watatu. Faida yao ghafi ni 3,750,000 dhidi ya gharama ya 5,000,000: hasara ya 1,250,000. Wateja ni walewale na ripoti ni ileile, lakini biashara imetoka kwenye faida ikaangukia kwenye hasara.

Wastani nao huficha jambo. Tuseme kati ya fedha ile, 2,000,000 za kwanza ndizo zilizoleta wateja watatu, na 3,000,000 zilizobaki zikaleta wawili. Hata kama wote watano waliletwa na tangazo, sehemu ya pili imetumia 3,000,000 kupata faida ghafi ya 2,500,000. Jumla inaonyesha faida, ilhali kupunguza bajeti kungeiongeza faida hiyo kwa shilingi 500,000. Uamuzi wa kuongeza au kupunguza bajeti hutegemea shilingi ya mwisho kutumika, na ripoti ya kawaida haiitengi shilingi hiyo.

Msimamo wa kwanza: ripoti inatosha

Watetezi wa ripoti wana hoja nzito. Tangazo la redio au bango la barabarani haliachi alama yoyote kwa mnunuzi, ilhali tangazo la utafutaji huonyesha neno lililoandikwa, saa, eneo, simu au kompyuta iliyotumika, na kama mtu alijaza fomu. Maelezo hayo yanatosha kuziba mianya mingi ya upotevu. Mfano ni neno “safari” likiwekwa peke yake kwenye kampeni: linaweza kumleta anayetafuta kivinjari cha Apple chenye jina hilo, au anayefuatilia mbio za magari za Safari Rally za Kenya. Orodha ya maneno yaliyotafutwa humwonyesha mhusika hasara hiyo ndani ya siku chache, naye akayaweka kwenye maneno ya kuzuia. Kazi hii haihitaji jaribio la kisayansi.

Udhaifu unaanza ripoti inapotumika kuthibitisha chanzo cha mauzo. Anayetafuta bidhaa tayari ana nia ya kununua, na mara nyingi ameshaamua atanunua wapi. Tangazo linakutana naye mwishoni mwa njia na kuandikiwa sifa ya njia nzima. Kwa muda mrefu Google ilitoa kanuni kadhaa za kugawa sifa hiyo kati ya matangazo aliyobofya mtu kabla ya kununua. Mwaka 2023 iliondoa nne kati ya hizo, zikabaki ile ya mbofyo wa mwisho na ile inayotegemea hesabu za mfumo wenyewe. Kanuni hugawa sifa kwa matangazo yaliyobofywa, lakini haiwezi kusema nini kingetokea bila matangazo hayo. Zaidi ya hapo, anayepima ndiye anayeuza. Hata kusiwe na udanganyifu wowote, muuzaji hana haraka ya kutafuta kipimo kitakachopunguza mauzo yake.

Msimamo wa pili: fedha inapotea

Ushahidi mkubwa wa upande wa pili ulitoka eBay. Machi 2012 kampuni hiyo ilisimamisha nchini Marekani matangazo yaliyofungwa kwenye jina lake katika Yahoo na katika injini ya Microsoft, huku ikiyaendeleza Google ili kupata pa kulinganishia. Asilimia 99.5 ya wageni waliokuwa wakipitia matangazo hayo walifika eBay hata hivyo, kupitia majibu ya kawaida yasiyolipiwa. Mtu aliyeandika neno “eBay” alikuwa anakwenda eBay.

Hatua ya pili iligusa maneno ya kawaida ya bidhaa. Matangazo yalizimwa kwenye maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, takriban asilimia 30 ya soko la Marekani, na mauzo yake yakalinganishwa na ya maeneo mengine. Matokeo yalichapishwa na Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis katika jarida la Econometrica mwaka 2015. Kwa kulinganisha tu matumizi na mauzo, faida ilionekana kuzidi asilimia 4,000. Kwa jaribio, makadirio yalikuwa hasara ya asilimia 63. Pengo hilo lilitokana na wateja wa kila mara, waliobofya matangazo kwa wingi na kununua kwa wingi, ambao wangenunua vilevile bila tangazo.

Utafiti huo mara nyingi hunukuliwa nusu. Ulionyesha pia kwamba watu wasioijua eBay vizuri, au waliokuwa wamenunua mara chache, waliongeza ununuzi walipoliona tangazo. Kwa hiyo somo lake linahusu nani anaonyeshwa tangazo. Kampuni ambayo karibu kila Mmarekani anaijua, na ambayo tovuti yake hutokea juu kwenye majibu ya kawaida, ina wateja wachache wa kujulishwa uwepo wake. Kampuni ya utalii iliyofunguliwa mwaka jana Moshi ina ulimwengu mzima usioijua. Kuchukua hasara ya eBay na kuitumia kama hukumu kwa biashara ndogo ni kosa kubwa sawa na lile la kuamini ripoti bila kuuliza.

Msimamo wa tatu: pima kwa jaribio

Kundi la tatu linasema ubishi uishie kwenye vipimo: zima matangazo mahali fulani, yaache mahali pengine, linganisha. Watafiti wa Google wenyewe walifanya hivyo kwa njia yao mwaka 2011, wakichambua mamia ya matukio ambapo kampuni zilisimamisha matangazo. Walikadiria kwamba asilimia 89 ya mibofyo ya matangazo haikufidiwa na majibu ya kawaida. Ukiiweka namba hiyo kando ya asilimia 99.5 ya eBay, zinaonekana kugongana. Lakini Google ilipima mibofyo kwa wastani wa kampuni nyingi na maneno ya kila aina, na kampuni isiyotokea juu kwenye majibu ya kawaida haina cha kuifidia mibofyo hiyo. Namba ya eBay ilihusu jina la kampuni maarufu. Tena mbofyo si mauzo. Mtu anaweza kutobofya leo na bado akanunua kesho kwa njia nyingine.

Nguvu ya jaribio ni kwamba linajibu swali la biashara moja kwa moja. Udhaifu wake ni gharama na uchache wa takwimu. Randall Lewis na Justin Rao, katika makala yao ya mwaka 2015 kwenye Quarterly Journal of Economics, walichambua majaribio 25 ya matangazo ya kidijitali ya kampuni kubwa. Waligundua kwamba ununuzi wa mtu mmoja mmoja hupanda na kushuka sana ukilinganisha na gharama ndogo ya kumfikia, kiasi kwamba hata jaribio lenye watu wengi mno huacha shaka pana. Kampuni ya Arusha yenye wateja watano kwa mwezi iko mbali zaidi: wakishuka kuwa watatu baada ya matangazo kuzimwa, huenda ni bahati tu.

Kuzima na kuwasha kwa zamu za wakati kuna hatari nyingine, nayo ni msimu. Anayezima Aprili, mvua za masika zinapopunguza watalii, kisha akawasha Julai, atapima hali ya hewa akidhani amepima tangazo. Kwa mwenye duka, Ramadhani, kufungua shule na mwisho wa mwaka huleta upotoshaji uleule. Mgawanyo wa maeneo kwa wakati mmoja ni salama zaidi, kwa mfano kuacha matangazo katika baadhi ya nchi ambako watalii hutoka na kuyazima katika nyingine zinazofanana nazo.

Jina la biashara: kinga au kodi

Swali la kulipia jina lako mwenyewe linahitaji kipimo chake. Google huruhusu mpinzani kuweka dau kwenye jina la kibiashara la mwingine, ingawa matumizi ya jina hilo ndani ya maandishi ya tangazo yanaweza kuzuiwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka mwaka 2010, katika kesi ya Google France na Louis Vuitton, kwamba Google haikukiuka alama ya biashara kwa kuuza maneno ya aina hiyo. Majaribio ya Andrey Simonov, Chris Nosko na Justin Rao katika injini ya Bing, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba tangazo la jina lako huongeza wageni wachache pale ambapo hakuna mpinzani aliyejitangaza kwa jina hilo, na huwa na athari kubwa zaidi pale alipo.

Hoteli za pwani ya Zanzibar ziko kwenye hali hiyo ya pili. Mgeni anaandika jina la hoteli ya Paje au Nungwi, na juu kabisa linatokea tangazo la wakala wa mtandaoni anayeuza chumba kilekile kwa kamisheni. Tuseme malazi ni dola 600 na kamisheni ni asilimia 15, yaani dola 90. Ikiwa mbofyo wa jina la hoteli ni dola moja, na mmoja kati ya 20 wanaobofya anaweka nafasi moja kwa moja, gharama ni dola 20. Mgeni huyu si mpya, angelala hotelini kwa vyovyote, lakini kama angepitia kwa wakala, hoteli imeokoa dola 70. Kwa jina la biashara, basi, faida ipimwe kwa kamisheni iliyookolewa na wateja waliozuiwa kuhama. Pasipo wakala wala mpinzani, malipo hayo ni kodi ambayo biashara inajitoza yenyewe.

Mauzo yanayokwepa kipimo

Afrika Mashariki ina tatizo linalovuta upande wa pili: ripoti kupunguza sifa ya tangazo. Mteja anabofya, anachukua namba, anahamia WhatsApp, anapatana bei, analipa kwa M-Pesa au taslimu dukani. Mfumo wa matangazo umeona mbofyo tu. Matokeo yake maneno yanayoleta fomu nyingi za bure huonekana bora kuliko yale yanayoleta simu chache za wanunuzi wa kweli, na mfumo wa madau ya kiotomatiki hujifunza kutafuta fomu zaidi.

Tiba zipo za viwango tofauti. Tovuti inaweza kuhifadhi namba ya utambulisho ya kila mbofyo, kisha mauzo yaliyokamilika yakapakiwa kwenye Google Ads ndani ya siku 90. Duka dogo linaweza kutenga namba ya simu inayoonekana kwenye ukurasa wa tangazo pekee. Swali la “ulitupataje?” nalo husaidia, ingawa wengi hujibu “Google” bila kutofautisha tangazo na majibu ya kawaida. Upande wa gharama, VAT na kodi za huduma za kidijitali, kama ile ya asilimia 2 iliyoanza Tanzania Julai 2022, ziingizwe kwenye hesabu pale zinapomfikia mwenye tangazo, pamoja na mabadiliko ya thamani ya shilingi kwa anayelipa kwa dola.

Kuipima misimamo

Misimamo yote mitatu ina ukweli, lakini kila mmoja una mahali pake. Ripoti ni chombo kizuri cha kulinganisha neno na neno, ukurasa na ukurasa, na cha kukata upotevu ulio wazi. Haifai kuamua ukubwa wa bajeti. Shaka ya msimamo wa pili ina nguvu kwa biashara inayojulikana, inayotokea juu kwenye majibu ya kawaida, yenye wateja wengi wanaorudi. Inapungua nguvu kwa biashara mpya au inayouza kitu kinachonunuliwa mara moja maishani, kama safari ya kupanda Kilimanjaro. Jaribio ndiyo hukumu bora, kwa wenye mauzo ya kutosha kulipa uzito.

Kwa wasio na mauzo hayo, njia ya kati ni kuanza na faida ghafi badala ya mauzo, kutenganisha maneno ya jina na maneno ya kawaida, na kuweka kiwango cha tahadhari. Ikiwa kampuni inapata faida hata ikidhani kwamba theluthi moja ya wateja wa matangazo wangekuja bila tangazo, ina nafasi ya kuvumilia kosa la makadirio. Ikiwa faida inategemea kuamini kwamba wote waliletwa na tangazo, bajeti ipunguzwe kwanza kwenye maneno ghali, huku jumla ya maulizo yote ya biashara, kutoka kila njia, ikifuatiliwa kwa miezi ileile ya mwaka uliotangulia.

Muhtasari

Matangazo ya utafutaji huuzwa kwa mnada ambao bei yake hupandishwa na ushindani, kwa hiyo faida yake huelekea kuliwa na mwenye mnada kadiri neno linavyojulikana. Uwiano wa mauzo kwa gharama hauonyeshi faida ghafi, hautengi shilingi ya mwisho, na haumtofautishi mteja aliyeletwa na tangazo na yule aliyekuwa njiani. Utafiti wa eBay ulithibitisha kwamba tofauti hiyo inaweza kugeuza faida kubwa kuwa hasara, na ukathibitisha pia kwamba mteja mpya hushawishika. Malipo kwa jina la biashara yana maana pale mpinzani au wakala anapolitumia. Mauzo ya simu na fedha za mkononi yaingizwe kwenye hesabu kabla ya kuhukumu tangazo. Biashara kubwa ipime kwa jaribio la maeneo. Biashara ndogo ihesabu kwa faida ghafi na tahadhari, na ibakize fedha zake kwenye maneno ya watu ambao bado hawaijui.